Baiskeli ya kwanza ya mbio: mpya ya Claris au ya mtumba ya Sora?

Mtu mwenye milioni moja na nusu au mbili mkononi, anayetafuta baiskeli ya mbio ya kuanzia hapa Dar es Salaam, ana njia mbili za maana. Anaweza kujikaza aongeze fedha hadi afikie baiskeli mpya ya kampuni kubwa, ile inayokaa chini kabisa kwenye orodha yao. Au anachukua ya mtumba iliyoshuka na kontena kutoka Japani, Uingereza au Uholanzi, ya ngazi hiyohiyo au moja juu yake. Zipo njia nyingine mbili, na nitazigusa kwa kuwa fedha za wengi hupotelea huko.

Kwangu mimi mpangilio ni huu. Namba moja ni ya mtumba, fremu ya alumini, gia nane au tisa nyuma. Namba mbili ni mpya yenye gia za Claris (gia nane za kampuni ya Shimano) na breki za diski. Namba tatu ni ile ya chuma ya zamani, na ya mwisho ni mpya isiyo na jina yenye sura ya mbio tu. Nimezipanga kwa swali moja: ikikuharibikia Jumamosi kwenye barabara ya Bagamoyo, Jumatatu utapata kipuri? Anayeishi karibu na duka linaloleta vipuri vya kampuni hizo, na mwenye mfuko wa kutosha, anaweza kugeuza namba moja na mbili bila kukosea.

Namba moja: ya mtumba, alumini, gia nane au tisa

Shimano hupanga gia zake za barabarani kwa ngazi. Kwa toleo la miaka ya karibuni, Claris ina gia nane nyuma, Sora tisa, Tiagra kumi, na 105 kumi na moja au kumi na mbili. Muuzaji atakusukuma kwenye Tiagra maana ndiyo "ya juu". Usikimbilie. Cheni ya gia nane ni ileile inayotumika kwenye baiskeli za gia sita na saba, kwa hiyo fundi yeyote anayetengeneza baiskeli za milimani anayo. Kaseti, yaani fungu la gia za nyuma, ya gia nane nayo ni rahisi kupatikana. Ukipanda kwenye gia kumi, cheni huwa nyembamba zaidi, bei inaruka, na Tiagra ya toleo la 4700 haielewani na vifaa vya gia kumi vya barabarani vilivyoitangulia, kwa sababu kiasi cha waya inachovuta kwa kila gia ni tofauti.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wazoefu wanalijua na wanunuzi wengi hawalijui. Ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni, kwenye Shimano nyingi za gia saba, nane na tisa, unavuta waya kwa kiasi kilekile, iwe baiskeli ni ya barabarani au ya milimani. Kwa hiyo ukiuvunja wa Sora unaweza kuufunga uliotolewa kwenye baiskeli ya milimani ya mtumba, na liva zako zikaendelea kuhesabu gia sawasawa. Mji umejaa baiskeli za milimani za mtumba. Hiyo peke yake inatosha kuifanya Claris au Sora ya mtumba ishike nafasi ya kwanza kwangu, hata mbele ya Tiagra inayong'aa.

Sasa ukaguzi, na hapa usione aibu kuchelewa. Nenda na rula inayozidi sentimita 30. Pima cheni kuanzia katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya ishirini na nne kutoka hapo. Cheni mpya inatoa milimita 304.8. Ikifika 306 na ushee, imechoka. Ikifika 307, jua kaseti nayo huenda imeliwa, na ukiweka cheni mpya juu yake itarukaruka kila ukikanyaga kwa nguvu mlimani.

Kisha liva. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali, bonyeza gia moja moja kwenda juu, kisha moja moja kurudi. Liva za Shimano zilizokaa stoo miaka mingi hupata grisi iliyoganda ndani. Unabonyeza na hakuna kinachoshika. Mara nyingi mafuta mepesi ya kusafishia yanaifufua, ila mara nyingine haifufuki, na liva ndiyo kipande cha bei mbaya kuliko vyote kwenye baiskeli ya namna hii. Isiposhika mbele ya macho yako, hesabu kwamba imekufa na ushushe bei kwa kiasi hicho.

"Bosi, hiyo ni orijino ya Ulaya, ukiipeleka kwa fundi inashika tu."

"Sawa kaka, basi twende nayo kwa fundi kwanza, ikishika nakulipa."

Akikataa, umepata jibu.

Ringi pia. Kama breki zinabana ringi, pitisha ukingo wa rula pale mpira unapogusa. Ukiona mwanga katikati kwa sababu ukuta umebonyea, ringi imeliwa na siku moja inaweza kupasuka kwa upepo wa tairi. Baiskeli iliyotumika kwenye mvua na mchanga inafika huko mapema. Angalia pia nguzo ya kiti: mwambie muuzaji aipandishe na kuishusha. Ikiwa imeshikana na fremu kwa kutu, saizi ya baiskeli hiyo haitabadilika tena, na fremu nyingi zimekatwa kwa msumeno kwa sababu hiyo. Mwisho, pitisha kidole chini ya fremu pale krenki zinapopita, na kwenye maungio ya usukani. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba kwenye alumini ni nyufa hadi ithibitike vinginevyo.

Kabla hujaijaribu barabarani, bana breki moja moja ukiwa umesimama. Baiskeli iliyotoka Uingereza au Japani kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia. Iliyotoka Uholanzi au Ujerumani iko kushoto. Mtu aliyezoea moja akaibana nyingine kwa nguvu anaweza kuruka juu ya usukani. Fundi anaweza kuzibadilisha, ni suala la waya tu.

Usiitumie bajeti yote kwa muuzaji. Theluthi ya fedha ibaki kwa ajili ya cheni, kaseti, matairi mawili, tyubu, waya na mipira ya breki. Ikiwa theluthi hiyo haitoshi kwa sababu vitu vingi vimechoka, hiyo si baiskeli yako.

Fremu au foku ya kaboni ya mtumba ni habari nyingine. Foku ya kaboni kwenye fremu ya alumini ni ya kawaida na huenda ikawa salama, lakini ichunguze kwa tochi, maana kaboni iliyopigwa inaweza kuonekana nzima nje ilhali ndani imeachana. Fremu nzima ya kaboni ambayo huijui historia yake, iache.

Saizi, kabla ya kitu kingine chochote

Hili nimeliweka katikati lakini kwenye foleni ya ununuzi linatangulia. Mwenye urefu wa sentimita 170 hivi hukaa vizuri kwenye fremu ya 52 au 54, mwenye 180 kwenye 56. Za kutoka Uholanzi mara nyingi ni 58 na 60, kwa sababu Waholanzi ni warefu. Za kutoka Japani huwa ndogo, na kwa Mtanzania wa kimo cha kati ndizo za kuanzia kutafuta. Kiti kinapandishwa na kushushwa, lakini urefu kutoka kiti hadi usukani haubadiliki sana. Baiskeli ndefu mno itakupa maumivu ya mgongo na shingo hata kama umeipata kwa bei ya bure.

Namba mbili: mpya, Claris, breki za diski

Kwenye kundi hili majina yanayotajwa sana ni Trek Domane AL 2 na Specialized Allez. Zote mbili ni fremu ya alumini, foku ya kaboni, gia nane za Claris, na breki za diski zinazovutwa kwa waya. Kwenye maduka ya Marekani zimekuwa zikiuzwa karibu dola 1,200. Kwa shilingi ni kama milioni tatu, kabla hujagusa usafiri na ushuru.

Ukilazimishwa kuchagua kati ya hizo mbili kwa barabara zetu, chukua Domane. Toleo lake la karibuni linakubali tairi la hadi milimita 38, Allez inaishia 35, na mkao wa Domane ni wa wima zaidi, hauchoshi mgongo. Allez ni nyepesi mkononi na inakata kona kwa wepesi zaidi. Kijana anayetaka kuingia mashindano ya klabu ataipenda. Lakini kwetu bega la barabara ni mchanga, matuta yamewekwa kila penye kijiji, na Dodoma na Arusha miba ya migunga inasubiri pembeni. Tairi nene lenye upepo wa wastani linakuokoa kwenye yote hayo. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi la 32 anatosheka na psi 60 hivi, wakati kwenye la 25 angehitaji kama 85 au 90 na kila tuta angelisikia kwenye meno.

Faida ya mpya ni kwamba hakuna kilicholiwa, saizi unachagua mwenyewe, na gia zimepangwa kwa ajili ya binadamu wa kawaida. Hasara, mbali na bei: baadhi ya fremu za siku hizi hupitisha waya zote ndani, hata katikati ya beringi za usukani. Inapendeza kuona, ila kubadilisha beringi ya elfu chache kunageuka kazi ya nusu siku. Uliza kabla ya kulipa. Uliza pia kama pedi za breki zake zinauzwa mjini, na nunua jozi mbili za akiba siku hiyohiyo.

Namba tatu: ya chuma ya zamani

Peugeot na Raleigh za miaka ya 1980 zina wapenzi wake, na kwa uzuri wa macho hakuna inayozifikia. Chuma kinachomelewa na fundi yeyote. Shida ziko mbili.

Moja ni gia. Nyingi zilitoka kiwandani na meno 52 na 42 mbele, na kubwa ya nyuma ina meno 23 au 24. Kwa gia nyepesi kabisa ya 42 kwa 23, kila mzunguko wa pedali unakusogeza karibu mita 3.9. Claris ya leo yenye 34 mbele na 32 nyuma inakusogeza mita 2.3. Kwenye tambarare ya Dar hutaona tofauti. Nenda Lushoto, au Kigali, ambako mashindano ya dunia ya barabarani yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza Septemba 2025, ndipo utakapojua kwa nini wenzako wamekaa kwenye kiti na wewe umeshuka unasukuma.

Ya pili ni matairi, na hapa watu wanaibiwa na namba. Baiskeli nyingi za mbio za zamani zina gurudumu la inchi 27, ambalo kipimo chake cha kimataifa ni 630. Gurudumu la 700C, la baiskeli za mbio za leo, ni 622. Tofauti ni milimita nane, na moja haliingii kwenye jingine. Halafu kuna tairi la "28" la Phoenix na ndugu zake, ambalo ni 635. Ukienda Kariakoo ukaomba "tairi la ishirini na nane" ukimaanisha 700x28, yaani unene wa milimita 28, utapewa la Phoenix. Taja namba iliyoandikwa ubavuni: 28-622. Hiyo haina mjadala.

Ya mwisho: mpya isiyo na jina

Usukani umepinda chini, rangi inawaka, stika kubwa, bei ya kuvutia. Ukiibeba ni nzito kuliko ya milimani, liva za gia zimewekwa juu karibu na shingo ya usukani hivyo unaachia mkono kila unapobadilisha, na ringi zinapinda kwenye tuta la pili. Kwa fedha hiyohiyo nunua ya mtumba ya milimani yenye jina, uivalishe matairi membamba.

Siku ya kununua, beba adapta ya valvu. Baiskeli hizi nyingi zina valvu nyembamba ya Presta ambayo pampu ya kituo cha mafuta haiingii, na muuzaji anaweza kusingizia upepo kumbe tyubu imetoboka. Dukani dai risiti ya EFD. Kwa wa mtumba, andikianeni karatasi yenye majina, namba za simu na namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini pale krenki zinapopita. Kama namba hiyo imekwanguliwa, rudisha baiskeli ukutani uondoke.