Kununua Viazi Mviringo: Tazama Mbegu, Kisha Uliza Vilikolimwa

Mtu akiniuliza anunue viazi gani, humuuliza kwanza anakwenda kuvipika vipi. Kiazi kinachotoa chipsi kavu nje na laini ndani hupasuka na kurojeka ukikichemsha kwa saladi. Kile kinachoshika umbo lake sufuriani, ukikikaanga hulegea na kunywa mafuta. Chanzo ni wanga. Kiazi ni maji kwa takribani asilimia 80, na hicho kidogo kinachobaki, ambacho sehemu yake kubwa ni wanga, ndicho kinachoamua. Kwa chipsi, kiwe kama asilimia 20 au zaidi.

Mbegu huweka kiwango, lakini shamba ndilo linaloamua kama kiwango hicho kitafikiwa. Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea: hushika jina la mbegu na kusahau kuuliza ilikolimwa. Kiazi hujaza wanga vizuri pale joto la wastani linapokuwa kama nyuzi 15 hadi 20, mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa wa baridi. Majani hutengeneza sukari mchana. Usiku ukiwa wa joto, mmea huitumia kwa kupumua badala ya kuishusha kwenye viazi. Joto likipita nyuzi 30, viazi karibu vinaacha kukua. Ndiyo maana mbegu ileile ikitoka nyanda za juu huwa na unga, na ikitoka bondeni kwenye joto huwa na majimaji. Maji nayo yana neno. Mvua ikikatika kisha ikarudi kwa nguvu, kiazi hukua kwa kushtuka, kikapasuka au kikabaki na uwazi katikati usiouona mpaka ukikate. Mbolea nyingi ya naitrojeni huchelewesha kukomaa, ukaletewa viazi vikubwa vya kupendeza ambavyo ndani vina wanga kidogo.

Kwa mpangilio wangu wa mbegu, ya kwanza ni Maris Piper, mbegu ya Uingereza iliyotoka mwaka 1966. Naiweka juu kwa sababu hukubali kukaangwa, kuokwa na kupondwa, na mwenye nyumba anayenunua gunia moja kwa kazi zote hatajuta.

Ya pili ni Russet Burbank, ile ndefu yenye ganda la kahawia lenye kukwaruza. Kwa chipsi na kuoka peke yake ningeipa nafasi ya kwanza bila kusita. Imeshuka kwa sababu ni mbegu inayodekezwa: hutaka msimu mrefu na maji yasiyokatika. Idaho, Marekani, imeipatia makao kwa udongo wa volkano, usiku wa baridi na umwagiliaji. Ikikosa maji katikati ya msimu, ncha moja ya kiazi hujaa sukari na chipsi zake huwa nyeusi upande mmoja. Mbegu hii usiinunue bila kujua ilikotoka.

Yukon Gold, iliyotolewa Kanada mwaka 1980, naipa nafasi ya tatu. Nyama yake ya njano hupondeka laini na ladha yake ni nzuri hata bila siagi. Inayofuata ni Désirée ya Uholanzi, yenye ganda jekundu. Hustahimili ukame kuliko nyingi, kwa hiyo eneo likiwa na mvua za kubahatisha, mimi huichukua kabla ya Russet. Charlotte iko mwisho kwa kuwa kazi yake ni moja, kuchemshwa na saladi, ingawa kwa kazi hiyo hakuna kati ya hizi inayoifikia.

Na kama muuzaji hajui jina la mbegu? Sugua ganda kwa kidole gumba. Likichubuka kwa urahisi, kiazi kimechimbwa kabla ya kukomaa. Kipike mapema na usikitarajie kukaa. Kisha chukua viwili vitatu ukavipime nyumbani: yeyusha kikombe 1 cha chumvi katika vikombe 11 vya maji, uvitumbukize. Kinachozama kina wanga mwingi, kaanga au ponda. Kinachoelea ni cha kuchemsha. Chenye rangi ya kijani kiache hukohuko sokoni, maana sumu inayoandamana na rangi hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

Uliza pia vilihifadhiwa wapi. Kiazi kizuri kikikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi, wanga wake hugeuka sukari, na chipsi huungua nje kabla ya kuiva ndani. Vikiwa vimetoka kwenye chumba cha baridi, viache wiki mbili gizani penye hewa na joto la kawaida. Sehemu ya sukari hiyo hurudi kuwa wanga. Kwenye friji usivitie kabisa.