Noti ya Shilingi 10 ya Mwalimu: Tuipime Thamani Yake Leo

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani leo nina kitu kimoja tu: noti ya shilingi 10, ya kijani, yenye picha ya Mwalimu Nyerere. Ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama. Wiki haipiti bila mtu kunitumia picha ya noti kama hii akiuliza, "Kaka, hii si mamilioni?" Basi tuipime pamoja.

Ni ya lini? Igeuze utakavyo, mwaka huuoni. Noti hizi zilianza kutoka Juni 1966, Benki Kuu ilipoanza kazi, zikiwa za 5, 10, 20 na 100, na hazikuandikwa tarehe. Kinachosaidia ni saini. Ngoja nisogeze kamera… hapo. Chini ya saini kuna vyeo. Matoleo ya mwanzo yana vyeo kwa Kiingereza, ya baadaye yanasema Waziri wa Fedha na Gavana. Yangu ni ya Kiswahili, kwa hiyo si ya mwanzo. Mtu akikuuzia kwa sifa ya "toleo la kwanza", mwambie akuonyeshe hapo kabla hujatoa hela.

Sasa naiinua kwenye mwanga. Kichwa cha twiga kile kinajitokeza ndani ya karatasi. Safi.

Tatizo ni mikunjo. Zima taa, washa tochi ya simu, mulika kutoka pembeni. Unaona? Mmoja umepita katikati, mwingine umeukata msalaba, halafu midogo midogo huwezi kuihesabu. Bibi aliifunga kwenye pindo la kanga, akaenda nayo sokoni na kurudi nayo. Pale mikunjo inapokutana pana kitundu, kama kichwa cha pini. Wakusanyaji wana kipimo kinachofika 70, na noti ambayo haijawahi kutumika huanzia 60. Hii mimi naipa 10, labda 12. Bei yake ni dola chache. Najua inauma kusikia hivyo, hasa kama ni urithi, lakini sitaki mtu asafiri kutoka Tabora hadi Dar na noti mfukoni akitegemea kununua kiwanja.

Umri peke yake haupandishi bei. Zile noti za rupia za Serikali ya Zanzibar, zilizoanza 1908, huuzwa maelfu ya dola mnadani hata zikiwa zimechoka, kwa sababu zilizobaki duniani ni chache mno. Rupia ilipoondolewa 1936, watu walibadilisha zao kwa shilingi. Za Mwalimu zilichapishwa nyingi, na kila familia iliweka moja. Iliyochakaa haina uhaba.

Na nawaomba sana: msizioshe, msizipige pasi! Nilikuwa na shilingi 20 ya 1964 ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyotoa pesa zetu kabla ya Benki Kuu, ile yenye chombo cha tanga badala ya picha ya Malkia wa Uingereza. Nikaipiga pasi ili ipendeze. Mikunjo ilififia kweli, ila karatasi ililegea, ikapoteza ule ukakamavu wake. Mnunuzi aliigusa kwa vidole viwili tu, akanirudishia. Mpaka leo naijutia. Noti iwekwe ilivyo, kwenye mfuko wa plastiki usio na PVC (aina ya plastiki inayoharibu noti), mbali na jua. Selotepu kwenye mpasuko nayo hapana, gundi yake inaacha doa la njano lisilotoka.

Wengi mnauliza pia kuhusu noti za kati ya 1985 na 2003. Muda wa kuzibadilisha uliisha 5 Aprili 2025, benki haizipokei tena. Lakini kufutwa hakukuzifanya adimu, zipo tele mitaani. Tunza zile mpya kabisa, zisizo na mkunjo hata mmoja.

Kabla hamjaondoka, kama nyumbani kuna noti nyekundu ya shilingi 100 ya Mwalimu, igeuze. Kwa mbele zinafanana, ila kuna zenye mfugaji wa Kimasai na mifugo yake nyuma, na kuna zenye wanyama mbalimbali. Ya mfugaji ndiyo ya mwanzo, na ndiyo ngumu kuipata. Ukiikuta, usiikunje tena. Ipige picha pande zote mbili, unitumie.