Ripoti ya Freeh kuhusu Penn State: isomeni, hasa nyie mnaoipenda timu

Nyota 4 kati ya 5. Naziweka mwanzo kabisa ili mwenye haraka aondoke na kitu, ila kama we ni shabiki wa timu yoyote ya chuo kule Marekani, au hata shabiki wa timu yoyote ile ambayo kocha wake anaabudiwa, nakuomba ukae kidogo maana hii sio ripoti ya kusoma kichwa cha habari afu ukaanza kubishana.

Ndo ile ripoti ambayo bodi ya wadhamini ya Penn State, chuo kikuu kule Pennsylvania, Marekani, ilimpa kazi Louis Freeh, aliyekua mkurugenzi wa FBI kuanzia 1993 mpaka 2001, yeye na kampuni yake ya mawakili, wachunguze nani pale chuoni alijua nini kuhusu Jerry Sandusky na alijua lini. Ilitoka tarehe 12 Julai 2012, kurasa 267 ukijumlisha na viambatisho, na unaipata bure mtandaoni. Wamehoji watu zaidi ya 430, wamepitia imeli na nyaraka zaidi ya milioni 3.5, na chuo kimelipa zaidi ya dola milioni 8 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo ni huduma iliyonunuliwa, na mimi naipima hivo hivo: aliyenunua alipata nini, na sisi wengine tulipata nini.

Tahadhari kwanza. Inahusu watoto wa kiume walionyanyaswa kingono. Haina maelezo marefu ya vitendo vyenyewe lakini vipo vya kutosha kukuharibia siku, na kama yamewahi kukukuta we au mtu wako basi usiisome peke yako usiku.

Kwa ambao hawajui kisa: Sandusky alikua kocha msaidizi wa Joe Paterno, kocha mkuu wa timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani (American football), kwa miaka mingi, ndo alikua mkuu wa safu ya ulinzi, na mwaka 1977 alianzisha shirika la kusaidia watoto wenye maisha magumu, The Second Mile. Watoto aliowanyanyasa aliwapata humo humo. Anawaleta kwenye mechi, kwenye mazoezi, kwenye bafu za timu. Alikamatwa Novemba 2011, Juni 2012 akatiwa hatiani kwa makosa 45 kati ya 48, akafungwa miaka 30 hadi 60. Huyo hana ubishi. Ubishi wote uko kwa waliokua juu yake.

Sasa ripoti inafanya nini vizuri? Inakupa karatasi. Yaani maneno ya wenyewe, sio ya mwandishi wa habari wala ya mwanasheria. Mwaka 1998 mama mmoja alienda kulalamika polisi wa chuo kwamba Sandusky ameoga na mtoto wake, uchunguzi ukafanyika, mwendesha mashtaka akaamua hafungui kesi. Kwenye viambatisho kuna maandishi ya mkono ya Gary Schultz, makamu wa rais wa chuo aliyekua juu ya hao polisi, na humo anajiuliza kama kuna watoto wengine. 1998! Swali sahihi kabisa liliulizwa na mtu sahihi kabisa, likaandikwa, likawekwa kwenye faili. Mwaka uliofuata Sandusky akastaafu kwa heshima zote, akapewa dola 168,000 za mkupuo na ruhusa ya kuendelea kutumia majengo ya michezo. Niliporudi kusoma hiyo sehemu mara ya pili hasira ilikua kubwa kuliko mara ya kwanza.

Afu ije Februari 2001. Mike McQueary, kijana aliyekua msaidizi kwenye timu, anamkuta Sandusky usiku bafuni na mtoto kwenye jengo la timu, la Lasch. Kesho yake anaenda nyumbani kwa Paterno anamwambia. Paterno anampelekea Tim Curley, mkurugenzi wa michezo, na Curley analijadili na Schultz na rais wa chuo Graham Spanier. Imeli zao zimo humo na ndo moyo wa ripoti nzima, kama una dakika 20 tu soma hizo. Mwanzoni mpango wao ulikua na hatua ya kutoa taarifa idara ya ustawi ya jimbo, ndo hatua ambayo ingeleta mtu wa nje kuja kuuliza maswali. Siku mbili baadae Curley anaandika kwamba amefikiria, na ameongea na Joe, na hajisikii vizuri na mpango ule, bora wakamuone Sandusky mwenyewe wamwambie anahitaji msaada. Spanier anakubali, na anaandika kwamba hatari pekee kwao ni kama ujumbe hautasikika na wao wakaonekana hawakutoa taarifa.

Hatari kwao. Ukisoma mlolongo mzima hakuna hata mmoja aliyeuliza jina la yule mtoto, wala kama yuko salama, wala yuko kwa nani usiku ule. Wazee wanasema funika kombe mwanaharamu apite, na hawa walifunika kwa lugha ya upole kabisa, wakiambiana kwamba njia hii ni ya utu. Matokeo yake Sandusky akaambiwa asilete tena watoto pale chuoni, basi. Kwamba akiwapeleka kwingine ni shauri yake.

Lakini sehemu ambayo natamani kila shabiki aisome, na ambayo watu wengi wanairuka, ni ya wafanyausafi. Mwaka 2000, yaani kabla ya McQueary, mfanyausafi mmoja alimuona Sandusky na mtoto kwenye bafu hizo hizo, akatoka anatetemeka akawasimulia wenzake. Hawakusema popote. Mmoja wao aliwaambia wachunguzi kwamba kwenda kuripoti ingekua sawa na kupingana na Rais wa Marekani, kwamba mpira ndo unaendesha chuo, na kwamba angefukuzwa. Sasa jiulize nani alimpa Paterno huo ukubwa wa urais. Bodi? Bodi ilikua inamwogopa. Ni wale watu laki moja na zaidi wanaojaza Beaver Stadium, uwanja wa timu, kila Jumamosi ya mechi ya nyumbani, wanaomwita JoePa, waliomfanya awe mkubwa kuliko chuo chenyewe. Hawakujua kitu, hilo nalikubali moja kwa moja, shabiki wa kawaida hakujua kitu. Ila mapenzi yao ndo yalikua yamesimama mlangoni pale mfanyausafi alipotaka kutoka kwenda kusema. Hii ndo hoja kubwa ya ripoti kwa maoni yangu, kwamba chuo kizima kilikua na utamaduni wa kuuheshimu mpira kupita kiasi kuanzia juu mpaka chini, na ndo hoja iliyowauma mashabiki kuliko zote.

Na walivyopokea sasa. Usiku wa tarehe 9 Novemba 2011 bodi ilimfukuza Paterno kwa simu, wanafunzi kwa maelfu wakaingia barabarani State College, mji wa chuo hicho, wakapindua gari la televisheni. Siku mbili baadae wanafunzi wa chuo hicho hicho wakakesha na mishumaa kwa ajili ya watoto, na waliosoma pale walichangisha zaidi ya dola 500,000 kwa ajili ya RAINN, shirika linalosaidia waathirika wa ukatili wa kingono. Naweka vyote viwili kwa makusudi maana watu wa nje wanakumbuka gari tu. Uaminifu kwa timu ulikua na nguvu ya kufanya yote mawili ndani ya wiki moja, na waliochangisha hawakuipenda Penn State kidogo kuliko waliopindua gari.

Paterno alifariki Januari 2012 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 85, kabla ripoti haijatoka. Siku kumi baada ya kutoka sanamu yake ikaondolewa pale uwanjani, kesho yake NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikaja na faini ya dola milioni 60, miaka minne bila mechi za bowl, zile mechi kubwa za mwisho wa msimu, ufadhili wa wachezaji kupunguzwa, na ushindi wote wa 1998 mpaka 2011 kufutwa. Paterno akatoka ushindi 409 akabaki na 298. Na hapo ndo mjadala ukapotea njia! Badala ya watoto, watu wakaanza kupigania namba. 409 ikawa kampeni, ikawa kwenye fulana, na wagombea wa viti vya bodi vinavyochaguliwa na waliosoma pale wakashinda kwa kuahidi kusafisha jina la kocha. Januari 2015 ushindi ukarudishwa wote kwenye makubaliano ya kesi, na makubaliano hayo hayo yakabakiza ile milioni 60 Pennsylvania kwa kazi ya kuwalinda watoto, jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko 409 mara elfu lakini halikupata shangwe kama lile.

Nyota niliyoikata ni kwa sababu hizi. Freeh hakumhoji Paterno, hakumhoji Sandusky, hakumhoji McQueary, Curley na Schultz walikataa, na Spanier alihojiwa mwishoni mwishoni tu. Hayo sio yote makosa yake, kesi zilikua zinaendelea na ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo haikutaka aguse mashahidi, lakini ukikosa watu hao inabidi hitimisho lako liwe na breki, na lake halina. Anasema kwa uhakika kabisa wakubwa wanne walificha ili kukwepa sifa mbaya, Paterno akiwemo, wakati kwa Paterno alichonacho zaidi ni imeli za watu wengine wanaomtaja. Familia ya Paterno ilitoa ripoti yao ya kujibu 2013, na pointi hiyo ni ya haki. Kosa kubwa zaidi ni la NCAA, ilichukua ripoti ya mtu aliyelipwa na chuo ikaifanya hukumu bila kufanya uchunguzi wake yenyewe, ndo maana baadae adhabu zikaanza kulegea moja moja.

Ila sikubaliani kabisa na wanaosema basi itupwe yote. Mwaka 2017 Curley na Schultz walikiri mahakamani kosa la kuhatarisha ustawi wa watoto, Spanier akakutwa na hatia ya kosa hilo hilo, akakata rufaa huku na kule mpaka 2021 ndo akaingia jela. Ni kosa dogo kisheria, sio ile njama kubwa iliyosomeka kwenye ripoti, lakini msingi ni ule ule: walipewa taarifa kuhusu mtoto na hawakuipeleka. McQueary naye alikishtaki chuo kwa jinsi kilivyomtendea baada ya kusema, na 2016 wazee wa baraza wakampa dola milioni 7.3. Na chuo kimeshalipa waathirika zaidi ya dola milioni 100. Huwezi kuniambia haya yote ni uzushi wa wakili mmoja.

Tena linganisha na walichopata wengine. Chuo kingine cha Marekani, Baylor, kashfa ya wachezaji kubaka wanafunzi, 2016: mawakili waliopewa kazi waliwasilisha matokeo kwa mdomo kwa bodi, na umma ukapewa kurasa 13, hamna majina, hamna imeli. Kocha na rais wa chuo waliondolewa kwenye nafasi zao lakini aliyeumizwa hana karatasi ya kushika mkononi. Hapo ndo nilipoiheshimu kazi ya Freeh. Bodi ya Penn State ilikubali itoke hadharani yote, pamoja na sehemu inayoisema bodi yenyewe, kwamba Mei 2011 Spanier aliwaambia kuna uchunguzi unaendelea na hawakuuliza maswali ya maana. Mteja aliyelipa akakubali kusomwa na dunia nzima. Hilo si dogo, na ndo kipimo ambacho shabiki angepaswa kukidai kwa kila chuo: uchunguzi wowote mtakaolipia, toeni karatasi zote na sisi tusome.

Kasoro nyingine ndogo: lugha ni ya kiofisi na inarudia rudia, na mapendekezo ya mwisho, zaidi ya 100, ni makavu. Yapo ya maana, mfano nani anapewa funguo za majengo, na mafunzo ya kuripoti unyanyasaji kwa kila mfanyakazi, ila mengine ni mpangilio wa ofisi tu, pitia haraka. Waathirika wenyewe pia hawasikiki kabisa humu, na hilo linauma, ingawa naelewa walikua wanalindwa kwa ajili ya kesi.

Nani asome: shabiki wa Penn State kabla ya mtu mwingine yeyote, na mjumbe yeyote wa bodi ya chuo, na kila anayefanya kazi na watoto. Nani asiitegemee: anayetaka jibu la mwisho kuhusu alichokua nacho Paterno moyoni, hilo halimo. Ukianza, anza na viambatisho vya imeli za 2001, rudi kwenye wafanyausafi wa 2000, ndo uende mwanzo kwenye muhtasari, maana ukianza na muhtasari utaingia ukiwa umeshachagua upande. Na weka pembeni matokeo ya mahakamani ya 2017 uone ni wapi yanakubaliana nayo na ni wapi mahakama ilikataa kwenda mbali kiasi hicho.