Pentax K1000 ya mtumba: inafaa, ila ikague kabla hujatoa pesa

Bei ya Pentax K1000 imepandishwa na jina lake. Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo kamera ya wanafunzi wa upigaji picha, ikatengenezwa tangu 1976 hadi 1997, zaidi ya milioni 3, na sifa hiyo yote muuzaji anakutoza wewe. Kamera yenyewe ni boksi lenye uzito wa gramu 620 hivi bila lenzi. Haina taima ya kujipiga picha, haina hata swichi ya kuwashia. Kinachofanya ununuzi wake uwe na maana ni kimoja: shata yake, yaani mapazia yanayofunguka kuingizia filamu mwanga, inaendeshwa na springi na gia tupu. Betri ikifa, spidi zote kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000 zinaendelea kufanya kazi, unapoteza kipima mwanga tu. Canon AE-1, ya 1976 pia, bila betri yake ya volti 6 haipigi hata picha moja.

Ukikuta Pentax KM ya 1975 kwa bei ileile, chukua KM. K1000 ni KM iliyonyofolewa taima na kile kitufe cha kuonea mapema sehemu gani ya picha itakuwa wazi na ipi itafifia. Na kati ya K1000 zenyewe, za mwanzo ziliunganishwa Japani na zina jina la Asahi mbele. Baadaye kazi ilihamia Hong Kong, kisha China, ambako mifuniko ya juu na chini ikawa ya plastiki. Ya China hupiga picha vilevile, lakini usikubali kuuziwa kwa bei ya Asahi.

Nenda kuikagua ukiwa na betri mpya ya LR44 au SR44, sarafu ya kufungulia kifuniko cha betri chini ya kamera, na simu yenye tochi na video ya mwendo wa pole. Muuzaji anayekataa ifunguliwe anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Anza na shata, maana hapo ndipo penye gharama. Hakikisha hakuna filamu ndani, toa lenzi, vuta juu kifundo cha kurudishia filamu hadi mlango wa nyuma ufyatuke. Weka 1/1000, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe unaopigwa na jua, chungulia kutokea nyuma, bonyeza. Mstatili wote ung'ae sawasawa. Ukiona upande mmoja una giza, pazia la pili linalifikia la kwanza njiani. Shata hii ina mapazia mawili ya kitambaa yanayokimbia kwa mlalo. Kwenye spidi kubwa uwazi kati yake ni mwembamba, kwa hiyo grisi ikikauka kidogo tu, uwazi unafunga kabla ya kufika mwisho. Kwenye picha kasoro hiyo hutokea kama utepe mweusi pembeni, kwenye 1/1000 kwanza, halafu 1/500. Haitibiki kwa kubonyezabonyeza. Inataka sevisi ya fundi, na bei ishuke kwa kiasi hicho.

Spidi za pole zipime kwa simu. Rekodi video ya fremu 240 kwa sekunde ukitazama shata kutokea nyuma, kisha hesabu fremu zenye mwanga: 1/30 itoe kama 8, 1/8 itoe 30. Ukipata 9 au 10 badala ya 8, filamu ya negativu itavumilia bila wewe kujua. Ukipata 16, hiyo ni hatua nzima ya mwanga, yaani mara mbili ya unaotakiwa. Spidi za pole za kamera iliyolala kabatini miaka mingi mara nyingine huzinduka ukiifyatua mara 20 hivi kwenye sekunde 1, basi jaribu kabla ya kuihukumu. Lakini usimruhusu mtu yeyote apulize WD-40 ndani. Mafuta hayo yanatambaa hadi kwenye mapazia na kile kioo cha kuakisi kilicho nyuma ya lenzi, na fundi atakayekuja kuyasafisha atakutoza zaidi ya ile grisi iliyokauka.

Kipima mwanga kina jaribio lake rahisi: toa kifuniko cha lenzi, weka ASA (kipimo cha wepesi wa filamu kuona mwanga) 100, zungusha spidi hadi B, chungulia. Mshale upande wa kulia ukipanda hadi juu, betri na waya ni wazima. Kisha elekeza ukuta wa rangi moja na ulinganishe na programu ya kupimia mwanga kwenye simu. Tofauti ya hatua moja inayojirudia kila mahali si tatizo, unairekebisha kwa kuinua ile ringi ya spidi na kubadilisha ASA. Tofauti inayorukaruka ndiyo mbaya. Chumba cha betri kikiwa na unga wa kijani au mweupe, pamba ya masikio yenye siki kidogo huutoa, halafu futa kwa spiriti. Ila kutu ikishaingia kwenye waya, lazima fundi auchomelee mpya. Betri ya SR44 inagharimu zaidi kuliko LR44 lakini volti zake hubaki zilezile karibu hadi mwisho na haivuji kirahisi.

Kwa kuwa hakuna swichi, kipima mwanga kinakula betri muda wote lenzi inapoona mwanga. Kifuniko cha lenzi ndiyo swichi yako. Ukikipoteza, nunua kingine cha milimita 49 siku hiyohiyo. Ujue pia kwamba kipima mwanga hiki kinachukua wastani wa picha nzima: mbingu nyeupe ikijaa nusu ya juu, uso wa mtu utatoka mweusi. Pima ukiinamisha kamera chini, kwenye udongo au majani, kisha inua upige. Kikifa kabisa, jua kali la mchana hupimika kwa kichwa: f/16 (tundu dogo la lenzi la kupitisha mwanga), na spidi iliyo karibu na ASA ya filamu. ASA 200 ni 1/250, ASA 400 ni 1/500.

Lenzi inayokuja nayo mara nyingi ni SMC Pentax-M 50mm f/2. Ni nzuri kuanzia f/4, laini kidogo ikiwa wazi kabisa, 50mm f/1.7 ni bora na tofauti ya bei si kubwa. Ukinunua lenzi nyingine ya K, yaani yenye mdomo huu wa Pentax, sharti iwe na ringi ya f, ile ya kubadilishia tundu. Zile za kamera za kidijiti zisizo na ringi hukaa zimefunga hadi mwisho. Lenzi za kundi la A zinaingia vizuri, mradi usiache ringi kwenye herufi A.

Lenzi unayokagua iweke f/16, itoe kwenye kamera, geuza nyuma, sukuma kile kiwenzo kidogo na ukiachie. Majani ya ndani yanayopunguza tundu yafunge papo hapo, makavu, bila mng'ao wa mafuta. Grisi ya ringi ya fokasi huyeyuka kwa joto na kuyafikia. Yakinata, hayawahi kufunga kabla shata haijafunguka, na picha za f/11 na f/16 zinaungua wakati zile za f/2 ziko sawa. Watu hulaumu kipima mwanga bure. Baada ya hapo, piga tochi ya simu kupitia lenzi. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu: ikiwa changa hufutika kwa spiriti lenzi ikifunguliwa, ikiwa ya zamani imeshakula utando wa juu wa kioo cha lenzi na alama haitoki.

Sponji, hilo utalifanya mwenyewe. Zile za bawaba ya mlango na ile ya juu ya kioo cha kuakisi, baada ya miaka 40 zimekuwa lami. Zikwangue kwa kijiti cha meno kilichochovywa alkoholi ya isopropili, kidogokidogo, kamera ikiwa imeinamishwa ili makombo yadondoke nje na si kwenye mapazia. Bawaba inataka sponji nyeusi ya milimita 1.5, mifereji ya juu na chini ya mlango hukubali hata uzi mweusi wa sufu. Ya kioo isiwe nene kuliko ile ya zamani, la sivyo kioo hakitapanda sawasawa. Na kioo chenyewe usikifute kwa kitambaa: tabaka lake linaloakisi liko juu ya uso, linachubuka. Tumia puto la kupulizia tu.

Kuweka filamu hakuna siri, ila kosa ni lilelile siku zote: ncha haikushika, unapiga picha 36 hewani. Ukishafunga mlango, zungusha kifundo cha kurudishia taratibu hadi filamu ikaze, halafu vuta mkono wa kusogezea huku ukikitazama kifundo. Kisipozunguka, filamu haiendi. Mwisho wa rola ukihisi mkono umekaza, usilazimishe, matundu yatachanika. Bonyeza kitufe cha chini ya kamera na urudishe filamu.

Kwa anayeishi Pwani, iwe Mombasa, Tanga au Unguja, kile kipochi cha ngozi kinachouzwa pamoja na kamera ni cha kupambia rafu. Ngozi hushika unyevu na kuvu huanzia humo. Weka kamera kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na silika jeli ya kubadilika rangi na kipima unyevu kidogo, ukilenga asilimia 40 hadi 50. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili. Kamera ikae shata ikiwa imefyatuliwa, na kila mwezi itolewe, ifyatuliwe kwenye spidi zote, ringi ya f izungushwe kutoka mwanzo hadi mwisho.