Chaja za betri za lithiamu za baiskeli za umeme: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla ya kulinganisha bei, jua betri yako ina seli ngapi za mfululizo. Seli ya kawaida ya lithiamu-ioni hujaa ikifika volti 4.2. Betri inayouzwa kama ya volti 36 ina seli 10, hivyo chaja yake ni ya volti 42. Ya 48 ina seli 13, chaja 54.6, ya 52 ina seli 14, chaja 58.8. Betri za LiFePO4 (lithiamu-chuma-fosfeti) ni ukoo mwingine: kila seli hujaa kwa 3.65, kwa hiyo ya seli 16 inataka 58.4. Namba hiyo iko jirani mno na 58.8, na plagi huenda ikaingia bila kipingamizi. Soma lebo ya betri, usiamini umbo la plagi.

Chaja tunazopanga hapa hujaza betri nzima kupitia nyaya mbili, chanya na hasi. Kusawazisha seli, yaani kuzifanya zote ziwe na volti sawa, ni kazi ya BMS, saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri. Chaja nzuri huzuia ampea zisizidi kiwango mpaka volti ifike kikomo, kisha huishikilia volti hapo huku ampea zikipungua zenyewe. Kigezo chetu kikuu ni kimoja: volti ya mwisho iwe sahihi leo na ibaki sahihi baada ya miaka. Usiiachie BMS kazi hiyo. Nyingi hukata seli ikishafika 4.25 hivi, kwa hiyo chaja inayoishia 4.23 kwa seli kila siku itaichakaza betri pole pole bila chochote kukatika.

Nafasi ya kwanza tunaipa chaja ya kupangika isiyo na feni, kama Cycle Satiator ya Grin Technologies ya Kanada. Ina wati 360 na skrini; unaweka volti na ampea unazotaka, unahifadhi mipangilio ya betri mbalimbali, na inaacha kuchaji yenyewe betri ikijaa. Ni ghali. Mwenye betri moja tu anaweza kuishi bila hiyo, lakini mwenye betri za volti tofauti hatajuta. Ukiinunua, futa mipangilio usiyoitumia, maana kosa kubwa hapa ni kuchagua mpangilio wa betri nyingine.

Ya pili haikutengenezwa kuwa chaja: ni pawa saplai ya taa za LED, familia ya HLG ya Mean Well, zile zenye herufi A mwishoni mwa jina. Zimefungwa zisiingie vumbi wala maji, hazina feni, na chini ya vifuniko vya mpira kuna skrubu mbili, moja ya volti na moja ya ampea. HLG-240H-54A hutoa hadi ampea 4.45 na hurekebishika kati ya volti 50 na 57 hivi. Inatosha kabisa kwa seli 13. Kwa seli 14 haifiki 58.8, lakini 56.7 inafika, yaani 4.05 kwa seli, na betri inayochajiwa hivyo hudumu zaidi. Weka volti kwa multimita kabla ya kuunganisha betri. Udhaifu wake ni kwamba haizimi yenyewe: tumia plagi yenye saa, na ukimaliza chomoa betri. Nyaya zake hutoka wazi, kwa hiyo utafunga plagi na fyuzi mwenyewe. Fyuzi nyingi za gari ni za volti 32. Tafuta ya 58 au zaidi.

Ya tatu ni chaja ya bodi ya alumini yenye feni na swichi ya asilimia 80, 90 na 100. Ni rahisi kutumia, ila feni ndiyo hufa kwanza, na joto linalofuata hukausha kapasita za ndani. Chaja ndogo ya plastiki ya ampea 2 inashika nafasi ya nne kwa sababu ya mwendo wake tu. Betri ya ampea-saa (Ah) 17.5 itachukua saa tisa au zaidi, lakini haiipashi joto. Itunze iwe ya akiba.

Usinunue saketi ndogo ya kushusha volti (buck converter) ukaifanya chaja: transista yake ikiungua ikabaki imeunganika, volti yote ya kuingilia huenda moja kwa moja kwenye betri. Pawa saplai za seva zinazounganishwa mfululizo nazo ziache, kwani kwa nyingi hasi ya kutolea imefungwa kwenye bodi na ethi. Chaja ya betri za asidi haifai kabisa.

Kuhusu ampea, nusu ya Ah za betri ni ukomo wa busara kwa seli nyingi, lakini kinachobana mara nyingi ni BMS au tundu la kuchajia. Plagi ya duara ya 5.5 kwa 2.1 mm usiivushe ampea 3 hivi. Ishike baada ya dakika 20, na ikiwa moto, punguza. Plagi za XLR hazina mpangilio mmoja wa chanya na hasi, kwa hiyo pima kila pini. Kama BMS ina tundu la kuchajia peke yake, usichajie kwenye nyaya za mota, kwa sababu ulinzi wa kujaa kupita kiasi hautafanya kazi.

Chaja ikifika, pima volti bila betri. Ya seli 13 ikizidi 54.8, irudishe. Baadhi hazitoi volti mpaka zihisi betri. Hizo pima mwisho wa chaji.

Usichaji betri iliyo chini ya nyuzi 0, maana lithiamu huganda kama metali juu ya anodi, upande hasi wa seli, na hairudi. Na kama kawaida yako ni kuishia 4.1 kwa seli, mara moja moja jaza mpaka 4.2 na uiache kwenye chaja saa kadhaa, kwa sababu BMS nyingi huanza kusawazisha karibu na kujaa tu, tena kwa miliampea makumi.