Uzoefu wangu: sona ya moja kwa moja kwenye mashua ndogo

Tangu kampuni ya Garmin ilipotoa sona ya Panoptix LiveScope mwaka 2018, na Lowrance na Humminbird nao wakaja na mitambo yao, mvuvi wa burudani anaweza kumwona samaki kwenye skrini akikifuata chambo papo hapo. Sona ya aina hii, yaani kifaa kinachotuma sauti majini na kuchora mwangwi wake kwenye skrini, naitumia na naipendekeza, ila kwa masharti.

Nianze na umeme, maana malalamiko mengi chanzo chake ni hapo. Skrini na kisanduku cha sona vikila jumla ya ampea 5 kwa volti 12, betri ya ampea-saa 50 inakupa saa 10 kwa hesabu ya karatasi. Wewe panga saa 8. Sona iwe na betri yake, isichangie na mota. Fyuzi ikae karibu na betri, na waya uwe mnene: kwenye waya mwembamba volti hushuka njiani, skrini ikajizima na kujiwasha hata kama betri imejaa. Jihadhari pia na betri ya lithiamu. Volti zake hukaa karibu palepale kwa muda mrefu, kisha zinaporomoka ghafla, hivyo kipimo cha volti hakikuambii umeme umebaki kiasi gani; hesabu ampea-saa. Ukiona michirizi kwenye picha, angalia kama kebo ya kihisi (kile kipande cha majini kinachotuma na kupokea sauti) imefungwa pamoja na waya za mota, au kama kuna sona nyingine imewashwa. Zima kimoja kimoja mpaka chanzo kijulikane.

Kinachowasumbua wengi ni mwali, yaani eneo ambalo sauti ya kihisi inaenea majini. Kihisi ninachotumia huona mbele kwa nyuzi 20 za upana na nyuzi 135 toka juu kwenda chini. Mita 20 kutoka kwenye mashua, mwali huo una upana wa mita 7 hivi, lakini skrini inaubana wote kama karatasi moja bapa. Ndiyo maana chambo kinaonekana kimetua puani pa samaki kumbe kiko mita tatu kando yake. Geuza kihisi taratibu kushoto na kulia. Mwangwi ukikolea zaidi, samaki yuko katikati, na huko ndiko kwa kutupa mshipi. Usikivu wa sona upandishe mpaka maji yaonyeshe ukungu wa chembechembe, halafu ushushe kidogo tu. Samaki aliyejificha ndani ya majani usimtarajie.

Sasa masharti. Sona hii inafichua samaki wa kina kirefu ambao zamani walikuwa salama kwa sababu tu hakuna aliyejua walipo. Kwenye kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili ya juu ya maji, na mita 20 ni mara tatu. Ukimvuta samaki haraka, hewa iliyo kwenye kifuko cha ndani kinachomsaidia kuelea inatanuka kwa kiasi hichohicho, anashindwa kuzama tena. Kanuni ya urefu wa chini inayokutaka umwachie samaki mdogo haina maana kama anakufa baada ya kuachiwa. Kwa hiyo nikivua kwa kuachia, siwafuati walio chini ya mita 10. Akipanda kwa bahati mbaya, mrudishe chini kwa kibanio cha mdomo chenye chubwi nzito. Kile kinachotokeza mdomoni usikitoboe. Mara nyingi ni tumbo lililosukumwa nje, wala si kifuko cha hewa.

Wasimamizi wa uvuvi nao wanapata shida ya hesabu. Sona inakupeleka moja kwa moja kwa samaki waliobaki, hivyo idadi unayopata kwa saa inaweza kubaki nzuri huku samaki majini wanapungua. Ukiripoti mavuno kwa programu ya simu, jaza saa ulizovua, idadi ya mishipi, kina, waliochukuliwa na walioachiwa, na useme kama sona ilikuwa imewashwa. Safari uliyorudi mikono mitupu iripoti vilevile, kwa sababu bila hiyo wastani wote unapanda kwa uongo. Kama programu haikubali sifuri, iandike kwenye sehemu ya maelezo.