Dina ya familia Madrid: msosi wa Kihispania na waini nne, uzoefu wangu

Wifi yangu anaishi Madrid, sasa tulivyoenda kumsalimia na bimkubwa na watoto akatupeleka kimgahawa kimoja mitaa ya La Latina, unalipa menyu moja na kila sahani inakuja na waini yake. Euro 68 mtu mzima, watoto nusu. Hela inauma, ila mi niliyekuwa naamini waini nyekundu ya bei ndo baba lao nimenyamaza.

Kwanza muda. Wahispania wanakula usiku mno, tumekaa mezani saa tatu watoto washaanza kusinzia, kwahiyo wenye wadogo wapeni chochote kabla. Ikaja tortilla, viazi na mayai, wanangu wakasema mama si chipsi mayai hii, wakaifuta sahani sikupata hata kipande.

Waini ya kwanza ni fino, nyeupe ya Jerez kusini mwa Hispania, ya baridi, kavuuu, haina sukari kabisa, inakaa kwenye pipa huku juu imefunikwa na utando wa hamira ndo maana inanukia lozi na unga wa mkate. Funda la kwanza nilikunja uso aisee. Nikala zeituni, nikala jamón, ule mguu wa nguruwe waliolishwa mbegu za mwaloni unakaushwa na chumvi miaka kadhaa halafu wanaukata mwembambaaa, nikanywa tena na mafuta yote mdomoni yakaondoka. Hiyo ndo ilikuwa bora usiku mzima, na mhudumu anasema ndo ya bei ndogo kuliko zote mezani!

Pweza wa Galicia, mkoa wa pwani kaskazini-magharibi mwa Hispania, akaja kwenye sahani ya mbao, kachemshwa, mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe na paprika basi. Mi mtu wa Tanga kwa pweza hunidanganyi, huyu nampa heshima yake. Alikuja na albariño, nyeupe ya hukohuko Galicia, ina uchachu wake hata ndimu hukumbuki kuomba.

Nyekundu sasa, gran reserva ya mkoa wa Rioja, hiyo kisheria inatunzwa si chini ya miaka 5, miwili ndani ya pipa. Wakaileta vuguvugu! Ukumbi wenyewe joto, nikanusa nikapata spiriti tu, tukaomba ndoo ya barafu na ilivyopoa kidogo ikawa waini nyingine kabisa, ila nyama ya mwanakondoo ishapoa.

Bimkubwa mlokole hagusi pombe, wakamletea mosto, juisi ya zabibu isiyochachushwa, kwenye glasi ya waini kama zetu akagonga cheers na yeye, mchungaji wake asimuone tu. Kumbe bili wamemchaji sawa na sisi wanywaji, mister akasimamia mpaka wakatoa euro 20, kwahiyo ulizeni hilo kabla hamjakaa.

Mwisho waini inaitwa Pedro Ximénez, nyeusi nzito ya zabibu zilizoanikwa juani, wanaimwagia kwenye aiskrimu. Tamu mpaka kero, mister kalamba bakuli.

Nitarudi ila kwa fino na pweza, nalipia kwa glasi. Menyu nzima hapana.